Drapu Yangu Si Ukuta wa Sinema

Mavivi, kwa Masika

Kasereka mwana yangu,

Wabukire. Uko muzima? Muke yako ni muzima, batoto banakula? Mbuzi ilishazala? Miye niko. Magoti inaniuma, mapacha ya dada yako Masika banalia kwa zamu, mais Mungu iko. Salamu imeisha. Sasa kaa chini, kwa sababu niko na hasira, na naandika na mukono yangu mwenyewe. Masika angeweka maneno ya sukari.

Nani alikupatia ufunguo ya sanduku yangu?

Kile kidude cheusi cha video ulituma na Papa Issa, dereva, kilifika. Jumapili kisha misa Masika akaita majirani: "Mukuje, tuone nyumbani ya Mama!" Bwana yake akachomeka ile waya ya HDMI nyuma ya tele. Tele ikaandika haione kitu. Akachomoa, akachomeka tena.

"Tundu ni mbaya," ni Masika.

"Tundu ni nzuri, tele yako ndiyo kipofu," ni bwana yake.

Mama Zaituni wa jirani akacheka: "Koko, huyu mukwe yako atakuonyesha nyumbani ao giza?"

Kumbe waya iko mu tundu ya pili, na tele inachungulia ya kwanza. Papa Issa akafinya telekomande, na nyumba yetu ya Bulengera ikatokea. Miye nikapiga vigelegele, mujinga miye.

Weye pale mu video umejaza kifua: "Mama, angalia, tuko na ciné mu salon! DVD, waya, projecteur, ukuta!" Ukuta gani, Kasereka? Ile ni drapu yangu, shuka ya mu sanduku. Nyeupe, na pindo ya uzi nyekundu nilishona wakati macho ilikuwa ingali inaona tundu ya sindano. Drapu ya kunifunikia siku nitakufa. Umeigongomea misumari kama ngozi ya mbuzi! Majirani banasema: "Drapu nzuri, koko." Nikajibu: "Ndiyo, nzuri. Ni ya maiti." Vicheko ikaisha. Donc, ufue na sabuni, ukunje, urudishe.

Kisha nikaangalia mutu mwenye alikuwa juu ya drapu. Baba yenu. Na kofia yake, mu DVD ya harusi ya Masika, anasimama kubariki mutoto yake. Toka tumuzike sijamuona akitembeza mukono. Na mukunjo ya drapu inamukata kinywa! Hata pasi, Kasereka? Batoto banapita mbele, kivuli ya vichwa yao inamukula kifua.

Siku ile ya harusi miye nilikuwa jikoni napakua wali. Baraka yake sikuisikia. Mangaribi nikamuuliza alisema nini. "Nitakuambia," anasema. Alikufa hajaniambia.

Sasa kinywa inatembea, sauti hakuna. Nikasimama, nikaweka sikio kwenye tele mbele ya batu bote. Nikasikia nini? Weye: "Baffle ya kutoa sauti hakuna, muangalie tu." Muangalie tu! Baba yako ni samaki?

Papa Issa anasema ile waya yako ya DVD inabeba picha na sauti pamoja, mais inavimwanga vyote mu projecteur, na projecteur iko na kinywa kama ya panya. Utoe waya ingine pale mupaka kwenye baffle ya korali. Basi. Akili ya kufungua sanduku ya mama yako ulikuwa nayo, hii ikakushinda?

Sikiliza. Zima ile machine. Mutu asiguse ile DVD mupaka nifike. Papa Issa atanibeba njia ikiwa nzuri. Drapu upige pasi. Baffle iwe pale. Batoto bakae chini, kimya. Miye nitakaa mbele.

Salamu kwa muke yako. Mwambie nilimuona kwenye video akikupatia nyundo. Salamu kwa dada yangu wa Vuhovi, asiuze maharagi yote. Katekista mwenye alikukopesha projecteur, umwambie akukopeshe na baffle. Batoto ubakumbatie, hawana kosa, ni vichwa tu ndiyo kubwa.

Miye mama yako, ningali hai,

Kavira

Ile neno ya kufua, nimeikata. Usifue. Najua mwangaza ya baba yenu haishikane na kitambaa, hapana unifundishe. Usifue tu.