Ngitili Yako Naionea Wivu

Maduhu, rafiki yangu,

Nakuandikia nikiwa mapokezi ya nyumba yangu ya wageni, kwenye kiti kile ulichokicheka ulipokuja Geita mara ya mwisho. Ulisema, "Mwalimu mzima umekuwa bawabu wa nyumba yako mwenyewe!" Nilicheka na wewe, lakini neno lile lilinikera, na linanikera mpaka leo. Mvua zilizonyesha siku tunakuzika zimekwisha, kiangazi kimeingia, nami bado nabishana na wewe kichwani.

Nianze na habari za nyumbani, maana najua ndizo unazozitaka. Mama Limbu hajambo. Miguu inamsumbua, lakini kila asubuhi anakwenda mwenyewe kutazama ng'ombe wakitoka zizini. Ua wa minyaa upande wa barabara umeshikana vizuri. Na ngitili yako, yale malisho uliyoyafunga yasubiri kiangazi, haijaguswa. Nilipita Kishapu mwezi uliopita nikaiona: nyasi zimekauka zikiwa zimesimama, zinafika kiunoni, wakati nje ya ua ardhi imekuwa nyeupe kama uwanja uliofagiliwa. Nilisimama pale, kofia mkononi. Ningepaswa kukuombea, Maduhu. Sikukuombea. Nilikuonea wivu. Mzee wa umri wangu, namwonea wivu marehemu.

Acha nieleze. Wewe mwenyewe ulisema siwezi hata kuomba maji ya kunywa bila kutoa somo.

Tulistaafu mwaka mmoja, kutoka shule moja pale Shinyanga, mimi wa Hesabu, wewe wa Jiografia, na kiinua mgongo chetu kililingana. Mimi nilitafuta mahali ambapo fedha inazaa haraka. Nikaiona Geita. Wachimbaji wa dhahabu wanatoka Nyarugusu na hela mfukoni, wanataka kitanda, maji ya moto na mahali pa kuchaji simu. Nikajenga nyumba ya wageni. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, na hilo nataka ulikubali huko uliko. Vyumba vinajaa. Sikutapeliwa, sikupata hasara.

Wewe hukuanza na hesabu. Ulimkalisha mkeo ukamwuliza, "Mama Limbu, tukizeeka, asubuhi tunataka kuamkia nini?" Akasema ng'ombe, na watu wanaopita kusalimia. Ndipo ukashika kalamu. Ukatenga fedha ya matibabu, ukanunua mitamba, ukafunga lile eneo la marehemu baba yako liwe ngitili. Nilikuita mvivu mbele ya walimu wenzetu. Ukanijibu kwa upole wako ule wa kuudhi: "Jibu lako ni zuri sana, ndugu yangu. Swali ni la nani?"

Mke wangu, Mama Nkwimba, sikuwahi kumwuliza anataka kuamkia nini. Yeye yuko Ibadakuli na kuku wake, hataki kuhamia huku kwenye vumbi na kelele. Mimi niko huku, naamshwa na mtu anayegonga mlango akidai taulo. Tunaonana kama wanafunzi wa bweni, likizo kwa likizo.

Halafu msiba wako. Ee, Maduhu, msiba wako uliniuma mara mbili. Alisimama mzee mmoja, jirani yako, akasimulia ule mwaka wa ukame, wewe ulipomruhusu aingize ndama wake kwenye kona ya ngitili, wakati nyasi hazikuwatosha hata wa kwako. Alilia akiongea. Watu wakaitikia. Mimi nimekaa chini ya turubai nakulilia, huku najiuliza watakuja kusimulia nini siku yangu. Kwamba mashuka yalikuwa safi?

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwanao Limbu alikuja hapa. "Shikamoo, baba mkubwa." Nikamwitikia marahaba, nikampa chumba na chakula. Kulipokucha akasema amepata mnunuzi wa ngitili, mtu anayetaka kulima pamba. Akiuza, ataingia ubia wa karasha Nyarugusu, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Lakini mama yake amekataa kuweka sahihi, kwa sababu wewe ukiwa kitandani uliagiza, "Limbu akitaka kuuza, aulizwe mwalimu. Neno lake ndilo la mwisho."

Kwa nini mimi? Nimejiuliza sana. Ulikuwa na kaka zako. Ulikuwa na katekista wako. Wivu wangu uliujua, uliuona tangu siku ile nilipokuita mvivu. Uliniamini, au ulinitania kwa mara ya mwisho?

Nikuambie ukweli, neno "uza" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Tena lilikuwa na sababu nzuri kabisa, za mtu msomi: ng'ombe wanaweza kufa, pamba inalipa, kijana ana familia. Limbu ananitazama kwa heshima, ananiita mtu niliyefanikiwa. Neno moja tu, na ile nyasi ingelimwa. Nisingepita tena pale Kishapu nikiona aibu. Tungelingana, wewe na mimi, kama siku tuliyopokea kiinua mgongo.

Nikachelewesha. Nikamwuliza Limbu, kama mwalimu anavyouliza huku anatafuta muda, "Karasha ni ya nini?"

"Nipate hela, baba mkubwa."

"Hela ya nini?"

Akaona haya kidogo, akainamisha kichwa. "Nikishapata ya kutosha, ninunue ng'ombe. Nirudi nikae nyumbani kama baba."

Maduhu, nilicheka mpaka dada wa usafi akaja kutazama kuna nini. Limbu akadhani namdharau, akanuna. Nikamwambia, "Mwanangu, unataka kuuza nyasi ili ukatafute ng'ombe. Ukiwarudisha, watakula nini?" Naye akaanza kucheka, taratibu, kisha akafuta uso kwa kiganja. Nilimweleza mambo mengine mengi, unanijua. Nilimweleza kwamba ngitili hufungwa masika, wakati majani yako kila mahali na kila mtu anakuona mjinga kuyanyima mifugo yako, na kwamba anayefunga lazima awe anajua anamfungia nani. Akasema, "Hayo baba alishaniambia." Hata hapo ukanitangulia.

Kwa hiyo nimesema haiuzwi. Usinishukuru. Sikusema hivyo kwa wema. Nilisema kwa sababu nilimwona yule kijana ana mahali pa kutaka kurudi, na nikamwonea wivu na yeye. Nikaona nikivunja mahali pale, hata mimi sitakuwa na kitu cha kukitamani.

Keshokutwa tunafungua ngitili, ng'ombe waingie. Mama Limbu amesema, "Shemeji, miiba ya langoni uiondoe wewe." Nitaiondoa. Tutafungua kipande kile cha mtoni kwanza, kama ulivyokuwa ukifanya, vingine visubiri. Kesho nampa dada wa usafi funguo za nyumba, napitia Ibadakuli kumchukua Mama Nkwimba. Njiani nitamwuliza anataka kuamkia nini. Nitajifanya swali ni langu. Naogopa jibu lake, maana nadhani nalijua.

Pumzika, rafiki yangu. Nakuahidi kwamba nikiwa hai, neno langu kwa Limbu litabaki hilo hilo, na kila kiangazi nitakuja kusimama langoni pako. Wivu sikuahidi kuuacha. Ng'ombe wako wakiisha kuingia, nitakaa chini ukingoni mwa nyasi zako, nikuonee wivu tena taratibu.

Wako,
Mwalimu