Baba, Mtani Wetu Hajaja Kutuzika

Baba yangu uliyelala Kisarawe,

Ndugu na majirani waliokuja hapa nyumbani Janga kukusomea dua wamekubali kunisikiliza nikisema nawe. Niligombea udiwani wa kata yetu, nami nimeshindwa na Shija, mtoto wa marehemu Mzee Maganga, jirani na mtani wako Mnyamwezi. Kura zilihesabiwa mbele ya mawakala wetu, wakasaini. Matokeo nimeyakubali.

Unakumbuka ule uchaguzi ambao chama chako kilianguka? Uliiweka redio dirishani, ukakataza mtu kushangilia au kununa kabla jimbo la mwisho halijasomwa. Kulipopambazuka Mzee Maganga alisimama mlangoni, kanga ya mkewe kichwani, akilia kama mfiwa.

"Nimekuja kumzika Mzaramo. Kura zimemuua."

"Msibani mikono mitupu, Mnyamwezi wewe? Hata kuni hukubeba?"

"Kuni za nini? Marehemu mwenyewe mkavu."

Kisha, kwa haki ya mtani msibani, akamkamata jogoo wako, nawe hukuruhusiwa kulalamika. Mama alimpika jogoo huyo, mkala sahani moja, mkibishana kuhusu bei ya korosho na serikali mpya. Mlikuwa vyama viwili, na hakuna aliyehama chake mpaka kufa.

Safari hii matokeo tuliyapokea kwenye simu, kituo baada ya kituo, na matusi yakifuatana nayo. Vijana wetu walimtukana mama yake Shija, mwanamke aliyekuosha miguu ulipokuwa huwezi kuinama. Vijana wao wakajibu. Kufikia asubuhi pande zote mbili zilikuwa zimeapa kutozikana.

Nilikaa barazani nikimngoja Shija aje anililie. Hakuja. Baba, kushindwa kura nilikuwa nimejiandaa nako. Sikujiandaa kwa jirani kuniogopa. Mtani akiacha kukutania, amekwisha kukuweka katika hesabu ya maadui zake.

Rajabu, mwanao, aliniambia jana, "Dada, tukienda kwao watasema tumepiga magoti."

Nilimjibu, "Waseme. Sisi ndio tuliomtukana mama yao."

Kwa hiyo nasema mbele ya wote waliokaa kwenye mikeka hii. Uchaguzi ujao nitagombea tena, na chama changu sikihami. Aliyenipigia kura sitamwacha aishi kama mgeni ndani ya kata yake, na aliyemchagua Shija pia ni mtu wangu. Kila mkutano wa hadhara atakaouitisha diwani nitakaa mstari wa mbele, nimuulize kwa adabu juu ya barabara ya Dutumi, ambayo mvua ikinyesha mjamzito hubebwa kwa machela. Lakini siwezi kumuuliza mtu swali zito ikiwa hata salamu yake siipokei.

Tukimaliza kula tutakwenda kwao. Kwanza nitamwamkia mama yake na kumwomba radhi kwa niaba ya nyumba hii. Kisha nitamwambia Shija kwamba maiti yangu imekaa siku nyingi mno bila mtani wa kuililia, na kwamba huo ni uvivu wa Kinyamwezi.

Sijui kama atacheka. Wapo wanaonong'ona hapa kwamba watabaki, na sitawalazimisha. Rajabu bado amenuna, Baba, lakini viatu amekwisha kuvaa.

Pumzika kwa amani ya Mola wako.

Binti yako wa kwanza