Fundi Asiyerudia Kitu

Dada yangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, wewe na wote wa nyumbani kwako. Mguu unaendeleaje? Naomba Mungu ile dawa ya kuchua iwe imekusaidia, maana nakutaja kila ninapopiga magoti. Sisi huku ni wazima. Paa halivuji tena, na mimi bado nashona mito ya makochi.

Nimefurahi kusikia kwamba unakuja. Nasema nimefurahi, ingawa siku hizi furaha inanijia kama mgeni aliyekosea nyumba: anabisha hodi, namfungulia, anaomba radhi, anaondoka. Usiogope, siumwi.

Ila kabla hujafika nataka ujue habari za shemeji yako, kwa sababu ulimi wako naujua. Mara ya mwisho ulimwambia mbele ya watu kwamba akili zake ni maji kwenye tenga, na kwamba kama kweli akili ni mali, basi yake imepotelea njiani. Tulicheka sote, na yeye ndiye aliyecheka zaidi.

Unamkumbuka enzi zake. Alikuwa akisikia cherehani yangu tokea mlangoni, anajua ni kipi kilichokatika. Mwalimu mmoja wa shule alimtengenezea kiti kinachokunjuka kikawa kitanda, chenye droo tumboni. Watu wakaja kushangaa, na mwenye hoteli akataka kama hicho kwa vyumba vyake vyote. Shemeji yako akamjibu kwamba kiti hicho ameshakijua, sasa akirudie ili iweje? Ndivyo alivyo. Kitu akishakimaliza hakitamani tena, anachora kingine.

Na Taratibu unamkumbuka, yule mwanafunzi wake mzito, aliyekuwa akishika msumari kama anashika nyuki. Katika yote aliyofundishwa aliambulia stuli tu, ile ya miguu mitatu. Shemeji yako alikuwa akimtania kwamba hata hiyo stuli ina akili kumshinda, maana yenyewe imejua kusimama. Basi Taratibu akatengeneza stuli. Kesho yake, stuli. Mwenda pole hajikwai, dada. Leo ana karakana ya ghorofa, mashine za kukatia mbao na mafundi wanaomwita mzee, na sijui shule wala zahanati hapa mjini ambako watu hawakalii stuli zake.

Kwetu wateja walipungua mpaka wakaisha. Nani ataagiza kitu ambacho hajui kitatokaje? Shemeji yako akawa mtu wa kukaa kibarazani, mikono mapajani. Aliacha kuchora. Halafu akaacha kubishana na redio, na hapo ndipo nilipoogopa.

Kisha siku moja Taratibu akaja mwenyewe. Alivua kofia, akamwamkia mwalimu wake, akasema kule karakana mikono imejaa ila kichwa hakuna, na akamwomba awe mshauri. Alipoondoka, shemeji yako alinigeukia akasema si alishaniambia, akili haiozi? Sasa ana chumba chake huko juu, meza na dirisha, na anachora. Asubuhi nampigia shati pasi. Jioni anarudi, ananawa mikono, ananiambia leo kazi imeenda vizuri.

Sasa nikuambie ambalo halijui mtu. Mimi ndiye niliyekwenda kwa Taratibu. Nilivaa gauni langu la ibada, nikamwomba ampe mwalimu wake kazi, na aje amwite mwenyewe, asinitaje. Hakunidharau. Alisema atampa, ila mashine asiziguse, maana akizigusa atazibadilisha, na yeye Taratibu anajua kitu kimoja tu. Nikakubali. Kwa hiyo katika yote anayoyachora mume wangu hakuna linalotengenezwa. Chini kule ni stuli, dada. Stuli tupu.

Nilidhani hajui. Lakini mtu aliyesikia cherehani tokea mlangoni, atakaaje juu ya karakana nzima asisikie kwamba chini yake hakuna kilichobadilika? Juzi alipokuwa ananawa mikono ndipo masikio yangu yalipozibuka. Leo kazi imeenda vizuri. Ni maneno yaleyale, kila jioni, halipungui hata moja. Mume wangu mimi, asiyerudia kitu.

Nikamjibu ninavyomjibu kila jioni, kwamba Mungu ashukuriwe, nikampakulia chakula. Nilikwenda kusali nikakosa la kuomba, nikabaki nimepiga magoti tu. Machozi hayakuja.

Basi ukifika, dada yangu, usimtanie. Mwulize habari za kazi, naye atakujibu, na wewe useme Mungu ashukuriwe. Tukikupa stuli, kaa tu. Ndiyo, ni ya Taratibu, na haiyumbi.

Nibusie watoto, na Mwenyezi Mungu akulinde njiani.

Ni mimi, mdogo wako,
mshona mito.