Mizani Iletwe

Shoga uko wapi?? Ndiyo kwanza natoka kikao cha nidhamu.

Yule Kimya, mwanafunzi ninayemsimamia kwenye kesi ya kunakili ripoti ya maabara. KIMYA KAONGEA.

Mhadhiri kaja na ripoti mbili. Eti vipimo vya Kimya vimezidi vile sahihi kwa gramu saba, na vya mwenzake kwa saba vilevile, kwa hiyo wameibiana. Mwenyekiti akamsukumia karatasi: "Binti, saini onyo hili tumalize, uende zako."

Kalamu keshaishika! Mimi roho juu, maana jana nzima nilimwambia asikiri asilolifanya. Akaiweka chini. Akasema taratibu, "Tulitumia mizani moja. Naomba iletwe."

Iletwe! Mhadhiri akacheka. Fundi wa maabara akaileta kaikumbatia kama mtoto. Wakaweka jiwe la gramu mia.

Mia na saba.

Nakwambia mia na saba! Mhadhiri kaizima, kaiwasha, kaipiga vikofi. Mia na saba.

Mwenyekiti akakohoa: "Haya, yaishe. Rudi darasani."

Nikainuka mbio, nikijua tumeshinda. Kimya hata hakujisogeza. "Mzee wangu, kunishtaki mliandika. Na kunisafisha andikeni."

Shoga, WAKAANDIKA. Tumekaa palepale mpaka barua ikachapwa na kugongwa muhuri. Mimi nshaanza kutabasamu.

Kimya akaisoma mpaka chini, kisha akamsukumia mwenyekiti vilevile alivyosukumiwa yeye.

"Jina la mwenzangu halimo."