Siku Mama Mkwe Alipong'oa Baluni

Jumamosi jioni. Jua limewaka Dagoretti siku nzima, nami nina ile furaha ya kujichekea peke yangu jikoni.

Tangu niolewe, adui yangu ni karai la viazi. Kwao Njoroge, mume wangu, hakuna sherehe bila mukimo wa viazi vya kupondwa, na wanawake wote huketi uani tangu asubuhi kumenya viazi. Mimi nikimenya viwili tu, mikono inawasha, macho yanavimba, chafya hazikatiki. Kwa hiyo nilikuwa nikitoroka, naenda kupanga viti vilivyokwisha kupangwa.

Nilijua wanachosema: mke wa Njoroge, yule wa Kakamega, ni mvivu.

Pasaka nikajikaza, nikavaa glavu za mpira. Mikono ikafura kuliko siku zote! Walicheka wakashika mbavu. Mimi nililia chooni.

Juzi daktari akanieleza kuwa nina mzio wa viazi, na pia wa mpira ule wa glavu. Vinafanana kwa namna fulani, mwili wangu unavichanganya. Nusura nimkumbatie. Jamani, sikuwa mvivu!

Leo tulikuwa tunasherehekea wifi yangu kuhitimu chuo. Nikasimama mbele ya makarai nikasema yote. Niliogopa mama mkwe ataguna tu na kuendelea kumenya.

Akaweka kisu chini.

"Kwani hizo glavu ni mpira kama ya baluni?"

"Ndio, Mum."

"Ngai! Na vile nimejaza tenti!"

Akaingia hemani na gauni lake jipya na kilemba, akang'oa baluni zote, akatoka amezikumbatia hadi uso hauonekani, akazipeleka kwa watoto wa jirani. Moja ikamponyoka, akaifukuza barabarani. Tulicheka sote, safari hii na mimi nikiwemo.

Nikapewa kazi ya chapati, nikazisukuma hadi mabega yakauma. Wakati wa kupakua, nikanyoosha mkono nichukue mchuzi. Wanawake wakapaza sauti kwa pamoja, wakiniita kwa jina la mwanangu:

"Mama Imani, wacha! Hiyo iko na waru!"

Waru ndiyo viazi. Wageni wote wakageuka kunitazama. Nilifokewa na ukoo mzima, na mpaka sasa natabasamu.

Sherehe ijayo sipangi viti. Nitafika mapema na unga wangu, niketi nao palepale uani.