Maji ya Bomba la Mwisho

Kwako Kaka mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko kazini, wewe, wifi na watoto. Natumaini kifua kimepungua na umeacha kulala dirisha wazi, ingawa najua kukushauri wewe ni kumpigia mbuzi gitaa. Huku tu wazima, isipokuwa Shangazi, ambaye ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Katika barua iliyopita nilikueleza kwamba aliugua tumbo la kuendesha, yeye na majirani wawili wanaochota kwake, akalazwa siku sita. Nilikueleza pia kwamba chanzo ni pipa lake la maji lisilo na mfuniko. Ukajibu kwa hasira kwamba Shangazi amekuwa mchafu uzeeni. Sasa ametoka hospitali, mifupa mitupu, ila mdomo wake mzima.

Kaka, unaijua kazi yangu hapa kwenye tangi la maji la mtaa. Kila asubuhi natia dawa ya kuua vijidudu, kisha napima. Nakinga maji kwenye kichupa, natia kidonge, yakigeuka pinki ujue dawa imefika, naandika daftarini. Sharti ni kukinga bomba la mwisho, maana yakiwa salama kule, ni salama kwa wote. Na bomba la mwisho liko uani kwa Shangazi.

Sasa nikwambie. Siku ile aliponitania kwenye foleni ya maji, mbele za watu, kwamba nimeolewa na tangi na mahari bado haijatoka, nilinuna. Unanijua kwa kununa. Miezi mitatu sikukanyaga kwake. Nilikinga bomba la hapa hapa chini ya tangi, hatua nne kutoka kwenye kiti changu, na kila siku nikaandika kwamba nimepima bomba la mwisho.

Alipolazwa ndipo nilipokwenda kupima kwake. Kidonge kikayeyuka, maji yakabaki vilevile, meupe. Nikafukua, nikakuta bomba limepasuka ndani ya mtaro wa maji machafu. Nikaliziba mwenyewe, nikafukia, nikanyamaza. Kamati ya maji ilipokuja kuuliza, niliwaonyesha daftari, kisha nikawaonyesha lile pipa.

Leo majirani hawagusi kikombe chake. Jumapili alisimama mbele ya kamati, ameshikilia meza, akaomba radhi kwa kuwaletea wenzake maradhi. Kisha akanigeukia mimi, akaniomba nimsamehe kwa kuniharibia kazi. Watu wote wakanitazama. Nikamwambia yamekwisha, nimemsamehe.

Nimemsamehe, Kaka, mtu niliyemnywesha uchafu. Naona aibu hata kupita mlangoni kwake. Kesho kamati inakutana tena, nitapeleka daftari na kusema yote. Kazi wakiichukua, waichukue. Nimekuandikia wewe kwanza ili nisipate pa kurudi nyuma. Nawe tafadhali mwandikie Shangazi upesi. Barua yako ile ya hasira nilimsomea mimi mwenyewe, neno kwa neno, na alinishukuru kwa kumsomea.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na wifi mwambie namkumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
nisiyestahili kujibiwa haraka.