Kwamboka wa Gredi ya Tatu

Dada Wakesho mpenzi,

Hujambo? Huku Birongo mvua haikosi alasiri. Leo katika utafiti wetu wa kusoma nilimpima Kwamboka, ambaye mwalimu wake aliniambia ni mzito wa kuelewa. Hadithi ya Kiingereza ilimfunga mdomo. Nikamwomba mwalimu amsomee kwa Ekegusii, yaani Kikisii, lugha ya kwao. Mtoto alieleza yote, mikono ikiruka, mpaka mwalimu akacheka.

"Kumbe anaelewa!" nikasema.

"Anaelewa, lakini mtihani haujui Kikisii. Babake amechoka na sifuri. Muhula ujao anabaki nyumbani kuchuma majani chai."

Kwamboka akauliza kama amepita. Nilimwambia ndiyo, akatoka mbio kumwambia babake.

Wakumbatie wanao, uwasimulie kwa Kitaita.

Mdogo wako,
Mghoi